Paipai na Beberu Mzee

Mkaza mwanangu anakata paipai jikoni, na harufu imenifikia hapa nilipoketi.

Nilikuwa mdogo. Mama alikatakata paipai bichi, utomvu mweupe ukamganda vidoleni, akalitia kwenye sufuria ya beberu mzee. Nyama ambayo hata mbwa angeiogopa ikaachana na mfupa yenyewe.

Jioni tumbo likaniuma. Nilikuwa nimekula mapera mpaka nikafunga choo. Mama akaniletea paipai lililoiva.

"Kula, litalainisha tumbo."

"Kama yule beberu?"

"Kula, wewe!"

Mimi si mwoga, waulize wa rika langu. Lakini beberu yule alikuwa na pembe na hasira, na alikwisha. Mimi ningebaki nini? Nikalia, nimeshika tumbo kwa mikono miwili nisije nikamwagika.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauma kipande cha kwanza.

"Haya, tuyeyuke wote wawili."

Ndipo nikala. Choo kilifunguka, na sikuyeyuka. Mpaka leo sielewi paipai hujuaje nyama ya kuacha.

Mkaza mwanangu ameniwekea sahani. "Kula, cucu," ananiita bibi kama wanavyoniita wanawe, "ni dawa ya tumbo."

Nimeishika tu. Nangoja mtu aanze.