Tuko Wote, Mwalimu

Mlango wa nyuma wa lori ukifungwa, mnyororo wake hulia mara mbili, kracha, kracha, na mimi hadi leo hugeuka kutazama. Nanunua maharage katika soko la Makebuko. Nayahesabu magunia, narudia kuyahesabu, ndipo dereva aondoke. Wapakiaji hunicheka: "Saidi, sha, gunia haina miguu!" Nawaambia wafunge mlango.

Tulikuwa timu ya mpira ya shule moja ndogo ya Gitega, miaka ile petroli ilipouzwa kwa chupa na barabara zikajaa vizuizi vya askari. Mpira tulikuwa nao mmoja. Tuliupaka siagi ya ng'ombe ili ngozi isipasuke, hata ukanuka kama jiko la bibi yangu. Viatu jozi tisa. Waliobaki walicheza pekupeku, nami nikiwa mmoja wao, kwa sababu Mwalimu Gaspari alisema kipa hakimbii. Hakunijua. Mpira ukija, nilikimbia.

Bibi yangu, pale mtaani Musinzira, alikuwa na amri moja: watu hawahesabiwi. "Ukimhesabu mtu, umemwonyesha kifo kwa kidole." Na mimi kuhesabu ni ugonjwa niliozaliwa nao. Siku ya mechi ya kwanza, kule Ryansoro, niliwahesabu wenzangu kimoyomoyo ndani ya lori: kumi na wanne. Jumatatu mmoja hakuja shuleni. Kwao kulikuwa na kufuli mlangoni. Mechi ya pili nikahesabu tena, kumi na watatu, na kabla ya wiki kwisha mmoja hakuonekana. Mara ya tatu nilihesabu ili nihakikishe kwamba si mimi. Tukabaki kumi na mmoja.

Familia nyingi zilikuwa zinaondoka, lakini watoto hatukuambiwa kitu. Mimi sababu niliijua: ilikuwa kichwani mwangu, inajumlisha. Nikaapa kuacha. Ndani ya lori nilitazama vidole vya miguu yangu mwenyewe, nisije nikaona watu kwa pamoja. Mechi mbili zikapita, hakupotea mtu. Mlitaka ushahidi gani tena?

Niliyehofia zaidi kumpoteza alikuwa Dezire, winga wetu, tuliyekaa naye dawati moja. Alilelewa na shangazi yake. Mama yake alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia, na aliko hatukuuliza.

Mechi ya mwisho ilikuwa Muyinga. Tulifungwa mawili kwa bila, yote mawili nikiyakwepa kwa ustadi. Filimbi ilipolia, Mwalimu alitusukuma garini. Alitaka tuvuke kizuizi kabla hakijafungwa. Yeye akakaa mbele na dereva, akatoa kichwa dirishani.

"Saidi, we uko karibu na mlango. Hesabu watu, vite, upesi!"

Nikihesabu, nani atafuata? Nikafumba macho.

"Hesabu, mi nakwambia!"

"Tuko wote, Mwalimu."

Mnyororo ukalia mara mbili.

Tulipofika Gitega, Mwalimu alikusanya viatu. Hivyo vilihesabiwa bila hofu, maana vilikuwa vya shule, si vya Mungu. Jozi nane. Akarudia. Nane. Tukatazamana miguu.

"Dezire iko wapi?"

Mimi mkojo ulinishuka, na sioni haya kuwaambia.

Kesho yake Mwalimu alirudi Muyinga kwa lori la mkaa. Siku ya pili akaja, peke yake. Laiti angenipiga. Alisema tu, "Bon, mpira umekwisha," akaufunga mpira wetu kabatini. Miezi ile, redio ilipotaja barabara ya Muyinga, niliisikiliza nikiwa chini ya kitanda, nikingoja litajwe jina moja. Halikutajwa, na hilo nalo halikunipa usingizi. Huko chini ya kitanda ndiko nilikoanza kuhesabu kila kitu mara mbili.

Mwaka juzi, sokoni Makebuko, mkulima mmoja aliyerudi kutoka Tanzania aliniletea magunia manne. Kiswahili chake kilinyooka kama rula.

"Bado unauogopa mpira, kipa?"

Nilimtazama usoni, kisha miguuni. Alikuwa Dezire.

"Nilijificha nyuma ya choo cha shule ya kule, hatua chache tu kutoka lori, nimekumbatia viatu," alisema. "Mpaka wa Tanzania uko jirani na Muyinga, na mama nilisikia yuko kambini ng'ambo. Mwalimu aliposema uhesabu, nikajua nimekwisha. Halafu nakusikia: 'Tuko wote.' Ulinificha, ndugu yangu. Siku ya nne nilikuwa kwa mama."

Akanipa jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Mimi ninayebishana bei hata na mvua, nilimpokea bila kubisha.

Sijamwambia kweli, nyinyi ndio wa kwanza. Mtoto yule wa chini ya kitanda alidhani watu hupotea kwa sababu kuna aliyewahesabu. Hakujua kwamba wenzake walikuwa na miguu, na mahali pa kwenda, na wengine walikuwa na mama. Magunia hayana miguu, ni kweli, lakini mkono wangu unaohesabu hausikii.

Jogoo nampa mtama kila asubuhi. Dezire akileta maharage huniuliza kama nimeshamchinja. Namwambia bado hajanona.