Ijumaa Niliyohamisha Tovuti ya Matanga

Mimi ni mtu wa hasira, na sijawahi kulificha hilo. Ndugu zangu husema hata printa yangu inaniogopa. Nina duka la kuchapisha hapa Nakuru mjini, na kazi inayonilisha kuliko zote ni ratiba za mazishi: picha ya marehemu mbele, wasifu katikati, nyimbo nyuma. Miaka kadhaa iliyopita nikaongeza tovuti. Familia ikifiwa naweka tangazo na picha, na chini yake nafasi ya watu kuandika maneno ya kuaga. Walio mbali waliipenda sana. Mtu yuko Ulaya au Uarabuni, hana nauli wala ruhusa, lakini ataandika, na siku ya mazishi mfawidhi anayeongoza shughuli atamsomea mbele ya watu.

Shida ilikuwa seva, ile kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti. Tovuti yangu ilikaa kwenye seva ya pamoja, na aliyewahi kupanga kwenye ploti ya vyumba kumi na bomba moja hahitaji maelezo. Jirani nisiyemjua akifungulia maji, mimi nabaki na mtungi mtupu. Akifariki mwalimu aliyefunza nusu ya Lanet, watu wanaingia kwa wingi, na tovuti inalala chali siku ileile inapohitajika. Hapo ndipo nilipokuwa nikimpigia bwana mmoja wa huduma kwa wateja wa kampuni ya seva hiyo, huko Nairobi, nikamfokea mpaka koo likauke. "Mama, umepita kiwango chako," ananiambia kwa upole. Upole ule ulinichoma kuliko matusi.

Nikaamua kuhama. Nikachukua seva ya kujitegemea kwa kampuni nyingine, bomba langu, mlango wangu, ufunguo wangu. Yule bwana hakununa. Alinishauri tu kwamba ya zamani nisiifunge mara moja. "Iache wiki mbili hivi, mama. Habari ya kuwa umehama haifiki kila mahali siku moja. Kuna watu watakuwa bado wanaingia huku." Nikamwambia asante, kwa sauti ya mtu asiyeshukuru chochote.

Wiki hiyohiyo alikuja dukani mama mmoja kutoka Dundori, akiwa na bintiye. Mumewe, mkulima wa viazi, alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Karatasi, rangi, picha, yote aliniachia nichague mwenyewe. Alitaka jambo moja tu. Katika nyumba yao kifungua mimba ndiye huanza kumuaga mzazi. Asiposema yeye, wadogo zake hawasemi. Na kifungua mimba wake alikuwa mlinzi Uarabuni, amenyimwa ruhusa ya kuja. Kwa simu hakuweza, maana kila akisikia sauti ya mama analia, mama naye analia, mpaka salio linaisha bila neno la maana. Kwa hiyo alikuwa ameahidi kuandika kwenye tovuti yangu.

"Hakikisha yamesomwa," akaniambia. "Mzee hawezi kushuka kaburini mtoto wake mkubwa akiwa kimya."

"Mama, hilo lihesabu kwamba limekwisha," nikamjibu. Mdomo wangu huo!

Sasa sikilizeni akili yangu, na mkicheka sitawalaumu. Huku kwetu watu wengi huzika Jumamosi, na Ijumaa ndiyo siku ya kutoa mwili mochari. Nikasema, Ijumaa kila mtu yuko barabarani nyuma ya gari la maiti, hakuna anayeandika. Hiyo ndiyo siku tulivu ya kuhama. Niliona nimewazidi werevu wataalamu wote. Sikukumbuka kwamba wanaoandika kwenye tovuti yangu ni wale hasa ambao hawako barabarani.

Ijumaa asubuhi nikanakili picha, matangazo, na kila neno ambalo watu walikuwa wameandika tangu mwanzo. Nikalinganisha huku na kule, sawasawa. Kisha nikaielekeza anwani ya tovuti kwenye seva mpya. Kabla ya saa sita mchana simu yangu ilikuwa ikiifungua kwa kasi hata nikajipigia makofi dukani peke yangu. Nikiwa katika kiburi hicho, nikaiandikia kampuni ya zamani kwa herufi kubwa: FUNGENI AKAUNTI YANGU LEO. FUTENI KILA KITU. MMENISUMBUA VYA KUTOSHA. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Jumamosi nilipanda Dundori na maboksi ya ratiba. Hema lilikuwa limesimamishwa kando ya shamba, kwaya ikipasha sauti, watu wamejikunyata ndani ya makoti. Mjane aliponiona hakuuliza habari ya ratiba.

"Ameandika?"

Nikafungua simu. Maneno ya wajomba yalikuwapo, ya majirani yalikuwapo, ya kifungua mimba hayakuwapo. Nikafunga, nikafungua tena. Binti akasema, "Lakini jana jioni alinitumia ujumbe kwamba amemaliza kuandika. Sasa yuko zamu, na simu zao huchukuliwa hadi jioni." Alichokiandika hakukituma kwingine kokote.

Nilielewa papo hapo. Simu yake huko aliko ilikuwa bado haijapata habari kwamba tumehama. Alikuwa ameingia kwa mlango wa zamani, akamwaga yote yaliyokuwa moyoni mwake ndani ya nyumba ambayo mimi mwenyewe nimeagiza ibomolewe. Mjane alinitazama usoni. Hakunigombeza. "Mfawidhi anangoja," akasema, akarudi kukaa kando ya jeneza. Afadhali angenitukana.

Nilikwenda nyuma ya stoo ya viazi nikapiga simu Nairobi. Akapokea yuleyule.

"Mama, habari ya Jumamosi?"

"Mlifunga?" Nilikuwa nalia tayari. "Niambie, mlifuta?"

Akasema, kama mtu aliyeshikwa na kosa, "Ombi lako lilinifikia mimi. Nikaona limeandikwa kwa hasira, nikasema nitafunga Jumatatu, ukiwa umepoa. Ukitaka kunishtaki kwa mkubwa wangu, una haki."

Kumshtaki! Nilimbariki yeye, watoto wake, na hata kiti alichokalia. Nikamweleza ninachotafuta. Alipokipata akasema atanitumia. Nikamwambia hapana, nisomee, maana siku hiyo sikuwa na imani na kitu chochote kinachotumwa. Nikageuza ratiba moja, nikaandika nyuma yake juu ya goti. Alisoma polepole, ananingoja nimalize kila sentensi. Mahali fulani akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. "Nipo, mama," akasema. "Nipe dakika moja."

Niliporudi hemani nikamkabidhi mjane ile karatasi. Akaitazama, akanirudishia. "Soma wewe. Mwandiko huu hakuna mwingine atakayeuweza." Basi nikasimama mimi, mtu wa nje, nikasoma maneno ya kifungua mimba:

"Baba, unakumbuka gunia? Wengine waliweka viazi vikubwa juu na vidogo chini, nami nikafanya hivyo. Ulilimwaga lote mbele ya mnunuzi ukaniambia nijaze upya. Nilikuchukia siku nzima. Hapa nilipo, wenzangu wanapekuliwa kila wakitoka getini. Mimi waliacha kunipekua mwaka wa kwanza. Ni lile gunia, baba. Samahani sikukwambia mapema. Mama, vaa sweta."

Wazee waliomjua marehemu wakaangua kicheko, na kicheko kikawageukia kuwa kilio. Mjane alikuwa na leso tu mabegani. Binti akavua sweta yake, akamvisha, na ndipo akashika maikrofoni kumuaga baba yake. Wadogo zake wakafuata mmoja mmoja. Nilikaa juu ya kreti tupu nikalia bila haya, na nilikuwa nashukuru, nashukuru hata sijui nianzie wapi.

Baada ya kaburi kufunikwa mjane akanijia. "Huyo aliyekusomea kwa simu, ni mtoto wa nani?"

Miaka yote hiyo namfokea, na sikuwahi kumuuliza hata kwao ni wapi. Nilimwambia ukweli huo, na aibu ikanishika.

"Basi mtafute," akasema. "Umwambie kwamba mama yake alizaa mtu."

Jumatatu nikampigia. Nilianza kwa kuomba msamaha, kitu ambacho ulimi wangu hauna mazoea nacho. Tukashinda asubuhi nzima tukihamisha maneno ya wengine walioandika Ijumaa ile, tangazo kwa tangazo, hata moja halikubaki nyuma. Tulipomaliza nikampa salamu za mjane kama nilivyotumwa, bila kupunguza wala kuongeza. Akaniambia kwamba mama yake anakata maua kwenye shamba moja huko Naivasha, na wakiwa kazini hawaruhusiwi kushika simu, kwa hiyo atangoja saa saba, mama atakapotoka kula, ampigie amfikishie.