Injini Iliyopita Sebuleni kwa Mama Rispa

Sisi tuliokulia mtaa wa Kianda kabla simu hazijaingia kila mfuko tulijua magari kwa masikio. Tungekuwa katikati ya mchezo wa gololi za bano au wa kuruka blada, mlio usikike kule juu barabara ya Olympic, na ubishi uanze hapo hapo: ile ni lori ya mchanga, hapana, ile ni pikapu ya mkate. Mimi nilikuwa sishindwi. Baba yangu alikuwa fundi wa magari. Majirani walimwita Baba Mwende kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba wake, lakini yeye akijitambulisha kwa mtu alisema tu, "Mimi ni fundi," kama mtu anayetaja ukoo wake.

Tulikuwa na magari yetu wenyewe, tena mengi. Tuliyasuka kwa waya, magurudumu tukayakata kwenye ndara zilizochakaa, na ole wako mama agundue kwamba ndara ulizokata bado zilikuwa na uhai. Tulicheza kalongolongo kwa mikebe na udongo, tukapika ugali usiolika na kualikana kwa heshima zote. Jumamosi nyumba yetu ilinukia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, maana wazazi wangu walitoka Ukambani, na nyumba za watu wa Magharibi zilinukia omena, vile visamaki vya ziwani. Jumapili mtaa mzima ulinukia chapati. Mtoto aliyekosa chakula cha mchana kwao aliketi tu mlangoni kwa mwingine, na sahani ilitoka bila kuulizwa maswali.

Baba alikuwa ameajiriwa Industrial Area, lakini moyo wake haukuwa huko. Katika kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yetu alijenga kibanda cha mabati akakiita gereji. Ndani ya gereji ile mlikuwa na gari moja tu, pikapu ya buluu isiyo na injini, iliyosimama juu ya mawe. Sisi watoto tuliliendesha lile gari hadi Mombasa na kurudi mara nyingi sana bila kutoka hapo. Watu wazima walilicheka kidogo. Baba aliwaambia, "Ngojeni. Hii itanitoa kwa kazi ya mtu."

Injini ilichukua miaka kupatikana. Ndani ya bei yake mlikuwa na mbuzi wa nyanya yangu kule Machakos, na ndani yake mlikuwa na cherehani ya Mama, ambayo aliiuza bila kunung'unika, angalau mbele yetu. Hatimaye Baba akatuambia kwamba Jumamosi lori itaileta. Sikulala vizuri wiki hiyo. Shuleni nilimwambia kila mtu, hata mwalimu wa zamu ambaye hakuniuliza.

Siku ile ilipofika, ilifika na mambo yake. Gereji yetu ilikuwa inafikiwa kwa njia moja tu inayoweza kupitisha kitu kikubwa, njia ya chini iliyovuka mtaro kwa daraja la mbao. Mvua za wiki hiyo zilikuwa zimelibeba daraja. Dereva wa lori alitazama mtaro, akatazama saa, kisha akarudi juu akashusha injini kando ya barabara ya Olympic, akaondoka. Ilikaa pale juu ya mbao zake, nyeusi, nzito kama ng'ombe aliyelala. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Ngong.

Wafula, seremala aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu wa Bungoma mwenye mabega mapana, aliizunguka akisema, "Baba Mwende, si uifungue hapa tubebe vipande?"

"Niifungue kwa matope na mvua inakuja? Nitakuwa nimenunua chuma cha kuuza kwa kilo."

"Na ikilala hapa?"

Sote tulijua ikilala pale, asubuhi tungekuta doa la mafuta tu. Nilimwona Mama akiitazama, na nikajua alikuwa anaiona cherehani yake.

Ilibaki njia moja. Vichochoro vya kati ya nyumba vilikuwa vyembamba hivi kwamba ukiwa na mtungi wa maji ulipita kwa ubavu. Lakini mgongo wa nyumba ya Mama Rispa uligusana na kiwanja chetu. Ukiingia kwa mlango wake wa mbele, uliotazama njia ya miguu iliyoshuka kutoka barabarani, ukitoboa ukuta wake wa nyuma, unatokea gerejini.

Sasa, ni lazima niwaeleze Mama Rispa alikuwa nani. Alikuwa mjane kutoka Busia, mwuza nguo, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote Kianda. Makochi yake yalivaa vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono, vimepigwa wanga hadi vikasimama wima. Hakuna mtoto aliyekuwa na haki ya kukalia makochi yale. Ukitumwa kwake uliongea ukiwa nje ya mlango, na ukikanyaga kizingiti ulijutia miguu yako. Na huyo ndiye Baba alipaswa kumwomba apitishe injini sebuleni.

Walienda wawili, yeye na Mama. Nikawafuata.

"Mama Rispa," Baba alisema, kofia mkononi, "nina ombi, na ukikataa sitakasirika." Akamweleza yote.

Mama Rispa alisikiliza akikunja nguo. "Kwa hivyo hiyo kitu iingie hapa, ipite hapa kwa viti vyangu, itokee kwa ukuta."

"Nitang'oa mabati mbili. Leo leo nitazirudisha, na misumari mpya."

"Inatoa mafuta?"

"Nimemwaga yote. Nitaifunga na makaratasi ya plastiki."

Nakumbuka Mama Rispa alitazama ukuta, kisha akamtazama Mama kwa muda mrefu zaidi. "Mama Mwende," akasema, "si wewe uliuza cherehani?"

"Niliuza," Mama akajibu.

Mama Rispa akaweka nguo chini. Akaanza kutoa vitambaa kwenye makochi, kimoja kimoja, akivikunja. "Wanaume watavua viatu," akasema.

Baba alimweleza kwa upole kwamba injini ikianguka kwenye mguu mtupu, mguu hautakuwapo tena. Mama Rispa akafikiri. "Basi wataosha viatu." Na hivyo ndivyo nilivyoona kitu ambacho sijawahi kukiona tena: wanaume wa Kianda, waashi, maseremala, wabeba mizigo, wamepanga foleni mlangoni mbele ya beseni, wanasugua soli za gambuti kwa brashi na sabuni ya unga, na Mama Rispa anakagua kila mguu.

Lakini kwanza injini ilipaswa kuteremka kutoka barabarani, na njia yenyewe ina mteremko. Wafula alileta mbao ndefu na mabomba ya chuma. Mbao zililala chini, mabomba juu yake, injini juu ya mabomba. Kazi ya sisi watoto ilikuwa kuokota bomba lililoachwa nyuma na kukimbia kuliweka mbele. Hatukuwa tunacheza. Baba alitupa amri kama watu wazima, nasi tukatii kama watu wazima, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyetuambia tusimame kando. Wanaume walishika pande zote mbili. Wanawake walishika kamba kwa nyuma ili isikimbie, na Mama alikuwa wa kwanza kwenye kamba.

Karibu na mfereji tuliochotea maji, ubao mmoja ulizama matopeni. Injini ikainama, ikateleza, ikaanza kushuka yenyewe. Nilikuwa mbele yake nikiwa na bomba mikononi. Nilisikia Baba akiita jina langu, nikaruka kando nikaangukia ukuta wa mabati. Nilipogeuka, injini ilikuwa imesimama. Nyuma yake Mama alikuwa ameketi kwenye matope, miguu ameikita kwenye jiwe, kamba ameizungusha kiunoni, na wanawake wengine wamemshika wasimwachilie. Uso wake ulikuwa umekaza, hauna hofu hata kidogo.

"Mwende yuko wapi?" akauliza bila kulegeza kamba.

"Niko hapa."

"Basi weka bomba."

Nikaweka bomba. Miaka mingi baadaye Baba alipotaka kumsifu Mama mbele ya wageni alisema, "Huyu ndiye handbreki yangu," na wageni wakadhani ni mzaha tu.

Mlangoni kwa Mama Rispa walifunga injini kwa minyororo kwenye gogo, wakaiinua mabegani. Hakuna aliyezungumza ila Baba. "Polepole. Kushoto. Simama. Songa." Makochi yalikuwa yamesimamishwa wima ukutani, magunia yametandikwa sakafuni, na Mama Rispa alitembea mbele akirudi kinyumenyume, mikono ameinyoosha, kama anayemfundisha mtoto kutembea. Injini ikapita chini ya kalenda yake, kando ya kabati la vyombo, ikatoka ukutani hadi gerejini. Vikombe vililia kidogo kabatini. Hakuna hata kimoja kilichovunjika. Ilipotua chini, watu wazima wale walicheka vicheko vya watoto, na mvua ikaanza kupiga mabati.

Baba alipigilia ukuta mvua ikimnyeshea, kama alivyoahidi. Kitu kimoja tu kilibaki: alama nyeusi kwenye fremu ya mlango, mahali mnyororo uligusa. Mama alienda na sabuni kuifuta. Mama Rispa akamkataza. Wageni wake walipouliza, aliwasimulia, na kila mara hadithi ilirefuka na injini ikaongezeka uzito.

Wafula na wenzake walijenga daraja jipya, pana kuliko la kwanza. Siku pikapu ilipowaka, moshi ulijaza mtaa na tulikohoa kwa furaha. Baba alimfungulia Mama mlango wa mbele, na katikati akamketisha Mama Rispa, ambaye alitandika mwenyewe kitambaa chake cheupe kitini. Sisi tulipanda nyuma, tukaenda hadi mtaa wa Nyayo Highrise na kurudi, tukipungia mikono watu tuliowaona kila siku kana kwamba tunatoka ng'ambo. Mwisho wa mwaka huo Baba aliacha kazi ya mtu.

Siku hizi naishi Kawangware, na mimi pia ni fundi. Nyuma ya nyumba yangu nina gereji ya mawe yenye sakafu ya simiti, na nina haki ya kuringa nayo. Majuzi niliagiza injini. Lori lilikuja na winchi yake, vijana wawili wenye glovu wakaishusha mahali nilipoonyesha kwa kidole, wakaenda kabla chai haijachemka. Malango ya majirani yalibaki yamefungwa. Hakuna aliyechungulia kuuliza ni ya nini. Mwanangu alichukua video ya jambo lote, na nadhani watu wa ng'ambo waliiona injini yangu kabla ya jirani wa mlango wa pili.

Nikamsimulia ya Kianda. Akasikiliza, simu mkononi, kisha akaniuliza mimi mamake, "Lakini Mathe, si mngeitisha tu forklift?" Nilicheka hadi nikakaa chini: mashine ya kuinua mizigo, katika Kianda ile! Kisha akauliza kwa upole zaidi, kama mtu anayetaka kuamini, "Na picha ziko wapi?"

Nikamwambia hatukupiga picha. Hakuna aliyekuwa na kamera, na hata kama angekuwa nayo, hapakuwa na mkono mtupu wa kuishika.