Kahawa Niliyoikaanga Nikasifiwa

Mwalimu aliyepanga kwetu Turwa hukaanga kahawa yake mwenyewe kwenye chungu. Mimi ni mwenye aibu, lakini juzi nilimwambia kwamba ya kikaango ni tamu zaidi. Nikachukua kahawa iliyoanikwa kwenye ungo kivulini nyuma ya nyumba, nikaitwanga kutoa maganda, nikaikaanga taratibu mpaka majirani wakachungulia kwa harufu yake.

Mwalimu alikunywa, akanisifu. Mama alipotoka shambani naye akaonja.

"Eh, mwanangu! Umeitoa wapi? Na mimi nipande ya aina hii."

Nikaonyesha ungo mtupu, nikijiona bingwa.

Mama akaweka kikombe chini. "Ile ya kivulini? Si ndiyo mbegu yangu ya kitalu!"

Mwalimu alikuwa na funda mdomoni. Alinitazama kama anayeuliza ameze au arudishe.