Msikiti Haukuhama

Mimi si mtu wa kuongea. Nikiulizwa swali darasani, jibu hukaa kooni mpaka mwingine alitoe. Kwa hivyo mwalimu wa jiografia aliponipa kompyuta nitengeneze ramani, nilifurahi. Kompyuta haikuangalii usoni.

Kazi ilikuwa kuchukua ramani ya zamani ya kijiji chetu, Kulesa, iliyoskaniwa, na kuilaza juu ya picha ya setilaiti ili malka zionekane zilipo. Malka ni njia ya ng'ombe kupita katikati ya mashamba kwenda kunywa maji mtoni. Jumamosi mwalimu angeipeleka kwa baraza la chifu, linalosuluhisha ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya njia hizo. Kwetu ni wakulima. Rafiki yangu wa pekee, tuliyekaa deski moja tangu kidato cha kwanza, kwao ni wafugaji, na malka moja ni yao.

Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa. Kila ramani ina mfumo wake wa kuilaza dunia hiyo, na kompyuta hukuuliza ni upi. Nikachagua ule wa picha ya setilaiti, nikidhani yote ni mamoja. Kompyuta ikakubali bila neno. Ni kweli mto wa ramani haukukaa juu ya mto wa picha, lakini hilo halikunishtua hata kidogo. Mto Tana huhama. Nyanya yangu amelima kingo tatu bila kuhama nyumba. Nikachora malka, nikachapisha, nikabandika ramani ukutani.

Alhamisi rafiki yangu alisimama mbele ya ramani hiyo.

"Malka yetu iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hapo ni kwa nyanya yako! Na hapa tunapopita sisi umeandika mashamba. Yaani mmelima malka yetu na kompyuta?"

Darasa likacheka. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba mto umehama.

"Mto umehama, sawa. Na msikiti nao? Wallahi, babu yangu aliswali pale, na mimi naswali pale pale. Wewe umeuweka kwa migomba."

"Msikiti una miguu!" mtu akapiga kelele nyuma.

Baada ya mapumziko nilikuta amehamisha vitabu vyake hadi deski ya dirishani.

Sikwenda kula mchana. Nilifungua kompyuta nikapima. Msikiti ulikuwa umesogea kaskazini kama mita mia tatu. Mto nao, zaidi kidogo. Hata shule ya msingi, umbali ule ule, upande ule ule. Chini kabisa ya ile ramani kulikuwa na maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma: ilichorwa kwa vipimo vya zamani vya Afrika Mashariki, vya kabla ya setilaiti. Nikaiambia kompyuta ukweli huo kwanza, ndipo nikaiagiza igeuze ramani nzima, nukta kwa nukta, iingie kwenye mfumo wa picha. Msikiti wa ramani ukakaa juu ya paa lake kwenye picha. Malka ikatua kwenye ule ukanda mweupe uliokanyagwa na kwato. Mto peke yake ndio ulibaki pembeni kidogo, kwa sababu huo kweli ulihama.

Ningeweza kumpa mwalimu ile mpya kimyakimya. Niliwaza hivyo, sitadanganya. Lakini kila mtu alikuwa ameona ile ya kwanza, na wengine wa kwetu waliipenda.

Ijumaa asubuhi nikasimama. "Ramani ya jana nilikosea mimi. Malka iko pale pale." Nikabandua ya kwanza, nikabandika ya pili.

Wakati wa mapumziko rafiki yangu alikuja. Akaweka kidole kwenye msikiti, akakivuta polepole hadi mtoni.

"Ni hapo," akasema.

Akarudi kwa deski ya dirishani.

Ramani ilienda barazani Jumamosi. Mimi Jumatatu niliweka begi langu pale alipokuwa akikaa rafiki yangu, ili mtu akipita asione kuwa nafasi ile ni tupu.