Mlio wa Tumbili wa Kigwena

Niliusikia mlio ule kabla ya wajukuu wangu: mfupi, wa chini kooni, kama mtu anayejikohoza kanisani. Tulikuwa tumekwenda kutembea katika msitu wa Kigwena, na kijana anayeongoza wageni alikuwa mbele akitueleza jinsi msitu ulivyonusurika. Yeye aliendelea kusema. Mimi nilisimama, nikashika mti.

Mlio huo nilifundishwa na Venanti, mlinzi wa msitu. Uhuru ulipokuja na Wazungu wakafunga mizigo, yeye ndiye aliyeachiwa msitu, pamoja na kofia ya kaki iliyomzidi kichwa hadi ikaegemea masikio. Tulimcheka kwa kofia ile, naye alicheka nasi. Alikuwa rafiki wa chanda na pete wa baba yangu, wakila sahani moja, kwa hiyo nyumbani tulimwita Baba Mdogo. Baba alikamua mawese pembeni mwa msitu, na nguo zake zilinuka mafuta hata Jumapili.

Siku zisizo za shule Venanti alituingiza msituni sisi watoto.

"Musikate hata kamuti kamoja," alituonya. "Huu musitu iko ya Leta."

Leta ni serikali, lakini mimi nilidhani ni bwana mmoja mnene wa Bujumbura anayehesabu miti yake kila jioni. Kisha Venanti alitufundisha lugha ya tumbili. Wakiona tai wanalia hivi, wakiona nyoka hivi. Wakiona mtu, hata aliyejibanza kichakani, ndipo wanatoa ule mlio wa kooni. Ili kuusikia vizuri aliweka mkono nyuma ya sikio, akainamisha kichwa na kufumba jicho moja. Sote tulimwiga, na hakuna aliyekuwa na sikio kali kunishinda. Alinisifu mbele ya baba, baba akavimba kichwa.

Mwaka wa sabini na mbili watu wenye bunduki walifika pwani yetu ya ziwa wakitafuta wanaume wa kuua. Majirani wengi walipanda mitumbwi wakavuka kwenda Kongo. Mama alimsihi baba naye avuke.

"Mu ziwa kila mutu anakuona," baba alijibu. "Niko naingia mu musitu ya Venanti. Ule iko ndugu yangu."

Venanti alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni. Akamwambia aingie popote atakapo, kisha akanishika kichwa. "Usilie, Mariya. Musitu yangu haisemi."

Nilimwamini. Sijawahi kumwamini mtu kiasi kile tena.

Kesho yake asubuhi mimi na mama tulikuwa kwenye michikichi tulipowaona wale watu wakiingia msituni, na Venanti akiwatangulia. Akasimama. Akaweka mkono nyuma ya sikio, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja. Tumbili wakalia. Nilifurahi kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Mama, wameona mutu!"

Mama alinifunika mdomo kwa kiganja chenye mafuta. Punde ukasikika mlio mwingine, ambao Venanti hakuwahi kutufundisha.

Tulivuka ziwa bila baba. Kule Kongo niliwarushia mawe tumbili wote niliowaona, nikiwaita wambeya, na mama aliniacha nirushe. Nilikuwa msichana mkubwa nilipoelewa kwamba tumbili hawakumsaliti yeyote. Waliona mtu, wakasema mtu, kama siku zote. Aliyejua mtu huyo ni nani alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekula kwetu. Huenda walimtishia maisha. Nimejaribu kuishikilia hiyo "huenda", inaniponyoka. Ninachokumbuka ni kwamba mkono aliouweka sikioni ndio ulioshika kichwa changu.

"Mulinzi wa kwanza ndiye aliokoa huu musitu," kijana alikuwa akisema. "Mu wakati wake hakuna kitu ilipotea hapa."

Tumbili wakalia tena juu yetu.

"Wameona mutu," nilisema.

Kijana akageuka kwa mshangao. "Eh, mama! Nani alikufundisha?"

"Huyo huyo unayemusifu."

Akafurahi, masikini, akawaita wageni wengine wasogee, akaniomba niwasimulie alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza na kofia, ili wajukuu wangu wacheke kwanza.