Chokaa ya Tano

Keziah Tranter, mwosha maiti wa kichochoro kimoja cha Bermondsey, London, alikuwa ameosha vichanga wanne wa nyumba moja. Kila kifo kilipotokea, mkaguzi wa afya wa parokia, iliyokuwa serikali ya mtaa siku hizo, aliamuru ukuta upakwe chokaa, akaenda zake. Choo kilichofurika kando ya pipa la maji hakukigusa, maana mwenye nyumba alikuwa mjumbe wa baraza la parokia.

Sasa mjukuu wa Keziah, aliyeishi nyumba hiyohiyo, alikuwa anaharisha.

“Tutapaka chokaa, bibi,” mkaguzi alisema.

“Kwani anayeharisha ni ukuta?”

Keziah akaukwangua kwa kisu mpaka tabaka nne zikamwangukia bwana yule viatuni.

“Hesabu! Huyu Alfie, huyu Dorcas, hawa pacha wa Hannah. Zibua choo!”

Mkaguzi akapangusa viatu, akaandika: chokaa.